Kona za skatingi: nakata 45 kwa 45 na bado hazikutani. Mnafanyaje?

Mwanagenzi

Wakuu, habari za kazi. Nina chumba kinachosubiri skatingi za mbao, yaani zile mbao zinazozunguka chini ya ukuta pale unapokutana na sakafu. Ubao una upana wa milimita 95, unene 18, juu una nakshi ya mviringo na mfereji mdogo chini yake. Kona nne za ndani ni za kawaida, halafu kuna nguzo imetokeza ukutani, kwa hiyo naongezewa kona mbili za nje na nyingine mbili za ndani pale nguzo inapokutana na ukuta.

Kabla sijagusa ubao mzima nimechukua mabaki, nikayakata digrii 45, nikawa nayasimamisha kona moja baada ya nyingine. Kona ya kwanza mgongo umegusana, uso umeachana. Ya pili juu pamekutana, chini pengo linapitisha kadi ya simu. Kwenye nguzo ndiyo usiseme. Mashine ya kukatia pembe nimeikagua kwa skwea (kile kipimo cha pembe mraba), inakata 45 ya kweli.

Mnakataje wenzangu? Na mbao hizi zitapigwa vanishi, si rangi, kwa hiyo anayekuja na puti apite kimya kimya.

PutiTosha

Siwezi kupita kimya. 45 pande zote, puti, msasa, umemaliza. Vyumba vingapi vimesimama hivyo na hakuna aliyelalamika?

PenseliSikioni

Kasema vanishi, mkuu. Puti chini ya vanishi inaonekana tangu mlangoni, hata ile iliyotiwa rangi ya mbao. Mbao inabadilika rangi kadiri inavyokaa kwenye mwanga, puti inabaki vilevile. Mwaka mmoja tu mstari unajichora wenyewe.

MzeeWaPatasi

Kijana, mashine yako haina kosa. Tatizo ni kuuamini ukuta.

Kona iliyopigwa plasta kwa mkono ikitoka 90 ni bahati. Fundi plasta akifika konani mwiko hauna pa kugeukia, plasta inajikusanya, na sentimita chache za mwisho za ukuta zinapinda kuja chumbani. Ndiyo maana kona moja inaweza kusoma 90 ukiipima kwa skwea ndefu, na 93 ukiipima kwa fupi.

Kona ya ndani usiikutanishe kwa mshazari, yaani mbao zote mbili zikatwe pembe na kukutana katikati. Hata ukiipata pembe yake sawasawa, msumari wa mwisho unauvuta ubao kuelekea ukutani na uso unaachana mbele ya macho yako. Dawa yake ni kuchonga umbo. Ubao mmoja unaingia mzima mpaka ukutani, wa pili unachongwa kichwa kifuate nakshi ya mwenzake na kuilalia.

Wa kwanza ukate mraba tu, uingize, ukaze. Ukipungua milimita mbili kufika konani usijali, mwenzake atapafunika.

Wa pili ukate 45 kana kwamba unataka kukutanisha kwa mshazari, mgongo mrefu na uso mfupi. Halafu tazama ulipokata. Pale uso unapoishia na mbao mbichi inapoanza kuna mstari, na mstari huo ndio umbo kamili la ubao ukitazamwa ubavuni. Ulaze upande wa penseli juu yake, uukoleze uonekane vizuri. Sasa chukua msumeno wa upinde, ule wenye utepe mwembamba wa meno, uufuate mstari huku umeuinamisha ili mbao nyingi zaidi itoke mgongoni kuliko usoni. Sehemu iliyonyooka, mwinamo wa digrii 5 hivi unatosha. Kwenye mviringo inamisha zaidi, maana hapo ndipo tumbo la mbao linapobaki nyuma na kuzuia.

Sehemu bapa ya chini usihangaike nayo kwa upinde. Ingia na msumeno wa mkono wa kawaida kutokea chini mpaka ufike kwenye mfereji, nao umeinamishwa hivyohivyo, kisha umalizie nakshi kwa upinde.

Mwisho wa yote kinachogusa ubao wa kwanza ni ukingo mwembamba wa uso peke yake, nyuma pako wazi. Kona iwe 88, iwe 93, ukingo ule utagusa tu. Mshazari hauna nafasi hiyo ya kusamehe.

Mwanagenzi

Shikamoo mzee. Nimeelewa sana. Maswali mawili. Meno ya ule msumeno wa upinde yaangalie wapi? Na pale juu kabisa nakshi inapopinda kumalizikia ukutani, nimejaribu kwenye bakio na kimebaki kidole chembamba kama ukucha, kimevunjika nikikitazama.

MzeeWaPatasi

Marahaba. Wengi tunayaelekeza meno kwenye mpini, msumeno ukate unapouvuta. Utepe ni mwembamba, ukiuvuta unakazika, ukiusukuma unajikunja. Wapo wanaosukuma na kazi zao ni safi, lakini wewe anza kwa kuvuta.

Kuhusu ukucha: ubao wenye ukingo wa juu wa mviringo, usiuchonge umbo mpaka mwisho. Kile kipande cha juu kabisa kiache na mshazari wake wa 45, na kwenye ubao wa kwanza utoe pembe ndogo inayolingana kwa patasi kali ili vikae pamoja. Kwa hiyo milimita chache za juu zinakutana kwa mshazari na zilizobaki chini zinalaliana. Ukitazama kwa juu utaona mstari mdogo safi, hakuna ukucha wa kuvunjika.

Na usijaribie ukutani kwanza. Jaribia kwenye bakio la skatingi ileile uliloliweka mezani. Paka penseli laini kwenye nakshi ya bakio, ibane kazi yako pale, itikise kidogo, itoe. Palipochafuka ndipo panapogusa mapema, ndipo pa kupitisha tupa. Tupa ya mviringo kwenye mfereji, bapa penginepo. Usipige tupa kwenye ukingo wa uso wenyewe, piga nyuma yake. Mara nyingi mikwaruzo michache tu inatosha na kazi inakaa kwa kishindo kidogo, tk, unajua imefika.

JiraniMpole

Yaani yote haya kwa kitu ambacho kitafunikwa na kochi?

PenseliSikioni

Kochi linahamishwa siku ya wageni, jirani.

Kabari

Mwanagenzi, hujajibiwa lile la kona ya pili, juu pamekutana chini pameachana. Hilo si la pembe ya kona. Ubao umelala. Chini plasta haijafika sakafuni, au bodi ya jipsamu ina ukingo uliokatwa mwembamba, kwa hiyo skatingi inapata shimo la kuingilia kwa chini. Ukipiga msumari chini ndiyo unazidi kuulaza, na hapo hata mkato uliopimwa kwa maabara hautakutana.

Simamisha skwea sakafuni dhidi ya uso wa ubao, sentimita 5 kutoka konani. Mwanga ukipita, weka kabari nyembamba nyuma kwa chini mpaka ubao usimame wima, au funga skrubu ukutani chini halafu uizungushe kutoka na kuingia mpaka kichwa chake kiwe kama kigingi cha kuegemea ubao. Skrubu ni nzuri kwa sababu unarekebisha kwa bisibisi, huchongi kabari upya kila mara. Ukiona tatizo ni kinyume, yaani plasta imevimba chini, kwangua. Skatingi itapafunika.

Hilo lifanye kwenye kona zote kabla ya kukata chochote. Wanaoruka hatua hii ndio wanaosema kuchonga umbo hakufai.

PutiTosha

Nauliza kwa nia njema. Kama ni mbao za kusaga (zile za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi), nazo mnachonga?

Kabari

Zinachongeka, ila ukingo wake mwembamba ni laini na unamung'unyika. Inamisha msumeno kidogo kuliko kwenye mbao asilia, na umalizie kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti badala ya tupa kali. Vaa barakoa, vumbi lake ni baya. Na kwa kuwa hizo karibu zote zinapakwa rangi, hapo puti yako tunaikaribisha.

Kuna ubao usiohitaji kuchongwa kabisa: ule bapa usio na nakshi. Huo unaukata mraba na kuusukuma dhidi ya mwenzake, basi. Na kuna nakshi isiyochongeka, ile iliyochimbwa ikaingia ndani chini ya mdomo wake. Hiyo ukubali mshazari tu.

DadaRanda

Kona za ndani mmezimaliza, naomba nizungumzie za nje, kwa sababu nguzo ndiyo inayoonekana kuliko kona yoyote ya chumba.

Kona ya nje haina kuchonga. Ni mshazari, na lazima ujue pembe yake halisi. Mimi sianzi na kipimo cha namba. Nabandika utepe wa karatasi sakafuni kuizunguka kona. Nachukua bakio la skatingi yenyewe, naliegemeza upande mmoja wa nguzo likipita kona, nachora mstari wa penseli kufuata uso wake kwenye utepe. Nahamia upande wa pili, nafanya hivyohivyo. Mistari miwili inakatana mahali fulani mbele ya kona. Naunganisha mkutano huo na ncha ya kona ya ukuta. Mstari huo ndio mshazari wenyewe, iwe kona ni 87 au 94, hakuna kugawanya wala kujumlisha. Naifungua skwea ya kukunja, naiweka kati ya ukuta na mstari, naipeleka kwenye mashine, nazungusha mkono wa mashine mpaka ulingane nayo.

Angalizo moja: skwea iegemee ukuta mbali kidogo na ncha. Nchani kuna ile kingo ya chuma iliyofichwa ndani ya plasta na huwa imevimba, itakudanganya.

Msasa120

Dada, njia ndefu hiyo. Nunua kipimo cha pembe, kona ikisoma 92 unagawa kwa mbili, unaweka 46, unakata. Dakika moja.

DadaRanda

Ukiweka 46 kwenye kona ya 92, kaka, pengo litakuwa kubwa kuliko ungeacha 45.

Msasa120

Kivipi? 46 na 46 ni 92. Hesabu haina ubishi.

PenseliSikioni

Hesabu ni sahihi, namba ya mashine ndiyo nyingine. Mashine ikiandika 0 inakata mraba, yaani digrii 90 kutoka kwenye ukingo wa ubao. Chukua mfano wa ukuta ulionyooka usio na kona: pembe yake ni 180, nusu yake 90. Utaweka mashine 90? Unaweka 0. Kwa hiyo unachosoma kwenye mashine ni 90 ukitoa nusu ya kona.

Kona ya 92, nusu 46, 90 kutoa 46 ni 44. Weka 44.
Kona ya 88, weka 46.
Kona ya 135, zile za dirisha lililotokeza, weka 22.5.

Inatumika kona ya ndani na ya nje, mradi kwa kona ya nje upime pembe ya ukuta wenyewe na siyo ya hewa. Kwa 90 kamili namba zote mbili ni 45, ndiyo maana mtu anaweza kukata miaka bila kuligundua hili.

Msasa120

Kipimo changu lakini kina safu mbili za namba.

PenseliSikioni

Basi safu ya pili ndiyo ya mashine. Fungua kipimo kinyooke kabisa, safu itakayosoma 0 ndiyo uisome unapokwenda kukata.

Msasa120

Inasoma 0 kweli. Tuendelee.

Mwanagenzi

Aisee. Dada Randa, urefu je? Napima ukuta kutoka kona ya ndani mpaka ncha ya nguzo, napata sentimita 31.4. Nakata 31.4 ya wapi, ya uso au ya mgongo?

DadaRanda

Ya mgongo. Kona ya nje mgongo ndio mfupi na uso unapita mbele. Kwa mshazari wa 45 uso unazidi kwa unene wa ubao, kwa hiyo wako utazidi milimita 18. Anayepima ukuta halafu akaweka alama usoni ndiye anayerudi kununua ubao mwingine.

Lakini kwa kipande kama hicho cha ubavu wa nguzo mimi situmii futi kabisa. Upande mmoja kinachongwa umbo, upande wa pili mshazari wa nje. Anza na kilicho kigumu: chonga umbo kwanza ubao ukiwa bado mrefu, mpaka ulale vizuri dhidi ya skatingi ya ukuta mkubwa. Ubane pale, kisha chora mgongoni kwa penseli kali pale ncha ya nguzo inapogusa. Kama penseli haifiki, tumia wembe. Hapo ndipo unakata mshazari. Ukianza na mshazari halafu umbo likakataa mara mbili, ubao umeisha.

Kata ukiacha nusu milimita nje ya alama, jaribu, punguza. Na ubao wa mbele ya nguzo uje wa mwisho, upimwe dhidi ya vile vya ubavu vikiwa vimeshikizwa kwa muda tu, havijakazwa.

MzeeWaPatasi

Dada amesema vizuri. Naongeza dogo la kona ya nje. Ukishapata pembe yako, ongeza nusu digrii. Kama ni 45 kata 45.5. Ncha za mbele zitakutana kwanza, na uwazi utabaki nyuma ambako hakuna jicho litakalofika. Ukikata pungufu ni kinyume, nyuma panagusana na mbele panacheka.

Msipitilize. Ncha ni nyembamba, ukiongeza digrii tatu itakuwa tupu nyuma na mtoto akiigonga na kigari inavunjika.

Kabari

Na gundi. Vichwa vya mbao vilivyokatwa vinanyonya gundi kama mchanga unavyonyonya maji. Paka nyembamba kwanza, subiri dakika chache inywe, kisha paka tena na uunganishe. Ukipaka mara moja kila kitu kinavutwa ndani na kiungo kinabaki kikavu.

Ukiweza, unganisha kona ya nje mezani kabla ya kuipeleka ukutani: gundi ya mbao sehemu kubwa, na tone la supa gluu pembeni lishike haraka wakati ile nyingine inakauka. Misumari miwili midogo isiyo na kichwa, mmoja kila upande, na mbao ngumu uitoboe kwanza kwa keekee. Msumari mnene karibu na ncha unaipasua, na pasuko halina dawa ya vanishi.

FremuMoja

Samahani kudandia. Mimi skatingi zinakubali, ila mbao za kuzungushia fremu ya mlango, zile bapa zinazokutana juu kwenye pembe, mshazari wake unanisumbua kila mlango. Mashine ileile, diski ileile.

PenseliSikioni

Tofauti ni urefu wa mkato. Skatingi yenye unene wa milimita 18 ikisimama, mkato wa 45 una urefu wa milimita 25 na kidogo. Kila kipande kikikosea nusu digrii, viwili vinakuwa digrii moja, pengo linakuja chini ya nusu milimita. Hulioni.

Sasa ubao wa mlango wenye upana wa 70 unalala bapa, mkato wake ni milimita 99. Kosa lilelile la digrii moja linakupa pengo la karibu milimita 1.7. Linaonekana ukiwa umekaa.

Kwa hiyo hapo kagua fremu yenyewe. Pima sentimita 30 upande mmoja kutoka pembeni, 40 upande wa pili, alama kwa alama iwe 50. Ikiwa si 50, fremu si mraba na 45 yako haina kazi. Halafu kagua kama uso wa fremu na uso wa plasta viko sawa. Plasta ikitokeza, ubao unainama kwa nyuma na mshazari unafunguka juu juu hata kama pembe ni sahihi. Punguza plasta au inua ubao kwa kabari ukiwa unaukata, ili mashine iukate ukiwa umeinama vilevile utakavyokaa.

MzeeWaPatasi

Pia acha mbao zikae ndani ya chumba chenyewe siku kadhaa kabla ya kukata. Mbao husinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haibadiliki. Ubao mbichi ukisinyaa upana baada ya kufungwa, ule mshazari wa mlangoni unafunguka upande wa ndani, karibu na fremu. Ukiona pengo la namna hiyo limetokea miezi baadaye, mkato ulikuwa sawa, mbao ndiyo haikuwa kavu.

MamaDari

Nimesoma mpaka hapa nikingoja mtu aseme konisi. Haya nasema mimi, maana ndiyo inayowatoa watu jasho.

Konisi haikai bapa ukutani, imeegemea kati ya ukuta na dari. Kwa hiyo ukiikata imelala bapa mezani kwa 45, kona haitakutana milele. Njia rahisi ni kuiegemeza kwenye mashine kama itakavyokaa juu, ila kichwa chini. Meza ya mashine ihesabu ndiyo dari, kizuizi cha nyuma ndicho ukuta. Ukingo unaokwenda darini unakaa mezani, ukingo wa ukutani unaegemea kizuizi. Hapo 45 inakuwa 45 kweli. Piga kipande cha mbao mezani kiuzuie usiteleze, kwa sababu ikiteleza milimita moja pembe imeharibika.

Kujua unakata upande gani: kona ya ndani, ukingo wa ukutani ndio mrefu. Kona ya nje, ukingo wa darini ndio mrefu. Andikeni hilo kwenye mashine kwa kalamu ya wino. Mimi nimeweka na mabaki manne yaliyokatwa tayari, ndani kushoto, ndani kulia, nje kushoto, nje kulia, kila moja lina maandishi mgongoni. Kabla ya kukata naliweka bakio mahali pake mezani nione mkato unaelekea wapi.

Mwanagenzi

Mama, na kama konisi ni pana, haisimami kwenye mashine?

MamaDari

Hapo unailaza bapa na unahitaji mashine inayoinama pia. Kwa kona ya 90, konisi inayoegemea ukuta kwa digrii 38, zungusha meza 31.6 na uinamishe diski 33.9. Ile ya 45, zungusha 35.3, inamisha 30. Mashine nyingi zina alama za kusimama kwenye namba hizo. Ni za kona ya 90 tu, ukuta ukienda kombo zinabadilika zote mbili kwa pamoja, ndiyo maana bado napenda kuiegemeza.

Kona za ndani za konisi nazo nachonga umbo kama skatingi, ila msumeno unainama sana, nyuma naondoa mbao nyingi mpaka ukingo unabaki kama wa kisu.

Msasa120

Diski za meno mangapi mnatumia? Yangu inang'oa nyuzi kwenye ncha.

Kabari

Kwa diski ya milimita 254, meno 60 hadi 80. Zile za meno 24 ni za kupasulia. Uso mzuri uelekee kwako, mgongo kwenye kizuizi, kwa sababu nyuzi zinang'oka pale meno yanapotokea. Shusha pole pole, na subiri diski isimame kabisa ndipo uinue. Ukiinua ikizunguka inarusha kipande kidogo na kung'oa ncha.

Hasa vile vipande vidogo vya kufungia mwisho wa skatingi, pale inapoishia wazi bila kona, vya kurudi ukutani kwa mshazari. Usikate kipande cha sentimita mbili kwa kukishika kwa vidole. Kata mshazari kwenye ubao mrefu kwanza, kisha ukitenge kwa mkato wa mraba, mkono ukiwa mbali. Unakibandika kwa gundi na utepe wa karatasi mpaka kikauke, msumari utakipasua.

FremuMoja

Na kona ya nje ya plasta iliyoviringwa, isiyo na ncha? Hapo mistari ya dada sakafuni inakatana lakini hakuna ncha ya kuunganishia.

DadaRanda

Hiyo inachukua vipande vitatu. Weka kipande kifupi katikati ya mviringo, mikato yote minne iwe 22.5 badala ya miwili ya 45. Urefu wa kipande cha katikati unategemea mviringo wa plasta, kwa hiyo kata makapi mawili matatu ya urefu tofauti, yazungushe pale mpaka upate linalougusa ukuta katikati na mbao za pande zote mbili zikalala bapa kwenye sehemu iliyonyooka. Ukilipata, lipige mhuri wa penseli, "nguzo," na uling'ang'anie, vingine vyote unavikata kwa kulifuata. Gundisha vyote vitatu mezani kwanza. Kipande kile ni kidogo mno kupigiliwa peke yake.